Alama Juu ya Jeni

Kila nikipita Sonatubes nakumbuka: tarehe 11 Aprili 1994, waliokimbilia shule ya ETO Kicukiro, baada ya askari wa Umoja wa Mataifa kuondoka, walizuiwa hapa, wakapelekwa Nyanza, wakauawa. Wenzangu huniuliza: je, hofu ile hurithiwa?

Mwaka 2014, Nader Perroud na wenzake, akiwemo Léon Mutesa wa Rwanda, walichapisha utafiti juu ya wanawake 25 waliopitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wakiwa wajawazito, pamoja na watoto wao, wakawalinganisha na 25 wengine wajawazito wa wakati huohuo ambao hawakuyapitia. Methili haibadilishi herufi za DNA. Hukaa juu yake na mara nyingi huinyamazisha jeni. Kwenye NR3C1, jeni ya kipokezi cha kotisoli (homoni ya msukosuko), methili ilizidi kwa mama na kwa mtoto, na kotisoli yao ilikuwa chini.

Sampuli ni ndogo. Tena mtoto alikuwemo tumboni: huenda alama aliipata mwenyewe, hakurithishwa. Kwa hiyo anayekataa posa akidai "damu yao imeharibika" hana ushahidi wa maabara, wala wa sheria yetu.