Mwalimu wa Shule ya Msingi Awapo Kiongozi wa Skauti

Mwalimu mpya afikapo katika shule yake ya kwanza, hazipiti siku nyingi kabla ya mwalimu mkuu kumwita ofisini na kumgawia kazi za ziada. Mmoja hupewa michezo, mwingine shamba, mwingine kwaya. Na aghalabu yule aliye kijana kuliko wenzake hukabidhiwa skauti. Hukabidhiwa bila kuulizwa kama anaifahamu kazi hiyo, na pengine bila kupewa hata kipande cha kamba. Kwa kuwa wengi wenu mtakutwa na jambo hili, nimeona yafaa kueleza katika makala haya yale ambayo mimi mwenyewe nilihitaji kuambiwa, nami sikuambiwa.

Yapasa ieleweke tangu mwanzo kuwa kuongoza skauti ni kazi ya kujitolea. Haina mshahara, wala haimwondolei mwalimu mzigo wa madaftari sabini ya hisabati yanayomngoja mezani. Mtu aweza kuikataa kwa heshima, na mimi naamini ni afadhali akatae kuliko kuipokea kwa shingo upande. Kiongozi aliyelazimishwa huwafundisha watoto gwaride basi, kwani gwaride ndilo jambo rahisi la kufundisha kwa sauti kubwa. Watoto hao hukumbukwa siku ajapo mgeni wa heshima: hupangwa mstari, humvisha mgeni skafu, hupigiwa makofi, kisha husahauliwa mpaka mgeni mwingine. Kumvisha mgeni skafu ni adabu njema, wala siipingi. Lakini kundi lisilofanya lingine ila hilo si kundi la skauti.

Asili ya vikosi vidogo

Mwezi wa Agosti, 1907, askari mmoja wa Kiingereza aliyeitwa Robert Baden-Powell aliwachukua wavulana wapatao ishirini kwenda kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi yao walikuwa watoto wa matajiri, wengine watoto wa wafanyakazi wa mijini. Aliwachanganya, akawagawa katika vikosi vinne, na kila kikosi akakipa kiongozi ambaye naye alikuwa mvulana kama wao. Mwaka uliofuata, 1908, alitoa kitabu chake kwa sehemu, sehemu baada ya sehemu, na watoto wakakinunua kwa fedha zao. Tangu hapo vikosi vikaanza kuzuka huku na huku kabla hata ya kuwako watu wazima wa kuviongoza. Mambo yalianzia kwa watoto; watu wazima walikuja nyuma.

Hatuna sababu ya kuficha kwamba chama hiki kilifika kwetu kikiwa ndani ya mzigo wa ukoloni, na kwamba utii kwa Dola ya Kiingereza ulikuwa sehemu ya mafunzo yake. Baada ya uhuru nchi zetu zilikichukua na kukifanya chao. Tanganyika ilitambuliwa katika shirika la skauti la dunia mwaka 1963, na Kenya mwaka 1964. Na wasichana, ambao hapo kale walitengewa chama chao tu, leo wamo katika makundi ya skauti pamoja na wavulana. Baden-Powell mwenyewe alifia Nyeri, Kenya, mwezi wa Januari 1941, akazikwa huko huko. Juu ya kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati, ambayo katika alama za njia za skauti maana yake ni kwamba aliyepita hapa amekwenda nyumbani. Wafundisheni watoto alama hiyo, hawaisahau kamwe.

Turudi katika vikosi, maana hapo ndipo ilipo njia yenyewe ya kufundishia, na hapo ndipo mwalimu wa darasani huteleza. Kundi la skauti hugawanywa katika vikosi vya watoto sita hadi wanane. Kila kikosi kina kiongozi wake na msaidizi wake. Mtu mzima hawaongozi watoto wote. Huwaongoza viongozi, nao viongozi huwaongoza wenzao. Baden-Powell alishauri kundi lisizidi watoto thelathini na wawili. Hesabu yake aliipata kwa njia ya kuchekesha kidogo: alisema yeye binafsi aliweza kuwajua vizuri watoto kumi na sita, akakadiria kwamba watu wengine wana uwezo mara mbili ya wake. Mwalimu aliyezoea darasa la watoto themanini atatabasamu, lakini asipuuze. Darasani twaweza kufundisha watoto tusiowajua majina. Katika skauti haiwezekani.

Hesabu iliyokosewa

Nasimulia sasa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa pili, na kundi langu lilikuwa na watoto ishirini na wanne katika vikosi vitatu. Tulipiga kambi ya usiku mmoja karibu na kijiji kilichoko chini ya milima ya Uluguru. Alasiri niliwatuma watoto kuokota kuni, kila kikosi upande wake. Waliporudi, yapata saa kumi na moja jioni, niliwapanga mstari mmoja nikawahesabu kwa kidole. Walitimia ishirini na wanne. Nikaridhika, nikaamuru moto uwashwe.

Kiongozi wa kikosi cha pili alikuwa msichana wa darasa la sita, mpole, mwenye sauti ndogo. Alinijia akasema, “Samahani mwalimu, sisi tuko saba.” Nilimjibu kwamba nimekwisha kuhesabu mwenyewe na hesabu imetimia, arudi akamenye ndizi. Akarudi. Baada ya nusu saa alikuja tena, macho yamemjaa machozi, akasema mwenzao hayupo na yeye amekwisha kuzunguka kambi yote.

Hapo ndipo nilipowatazama watoto sura kwa sura. Mtoto mmoja wa kijijini, aliyekuja kutushangaa, alikuwa amesimama mstarini pamoja na wengine, nami nilimhesabu. Nisingeweza kumtambua kwa mavazi, kwani zaidi ya nusu ya skauti wangu hawakuwa na sare.

Sitaeleza kwa urefu saa zile zilizofuata. Wazee wa kijiji walitoka na kurunzi, na mtoto alipatikana saa tatu kasoro usiku, ameketi juu ya jiwe, mguu umeteguka, anapiga mluzi. Hakuwa amehangaika huku na huku gizani, kwa sababu kiongozi wa kikosi chake aliwafundisha kwamba aliyepotea hukaa pale alipo na kupiga mluzi. Mimi nilimfundisha kiongozi huyo jambo hilo majuma matatu nyuma, na yeye alilishika kuliko mimi.

Kesho yake nilikwenda kwa baba wa mtoto kumweleza. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza, “Ni nani aliyegundua kwamba hayupo?” Nikamwambia. Alikaa kimya kitambo, akasema, “Basi nitamruhusu arudi kwa yule binti.” Hakusema kwa mwalimu.

Kosa halikuwa katika kuhesabu vibaya. Kila mtu aweza kuhesabu vibaya. Kosa lilikuwa kumpa mtoto madaraka Ijumaa, kisha kumnyang'anya Jumamosi kwa sababu tu nilikuwa na haraka. Kikosi chake kilikuwa na watoto wanane, naye aliwajua wote wanane; mimi nilikuwa na tarakimu. Tangu siku ile sihesabu watoto. Husimama kila kiongozi mbele ya kikosi chake, akawaita wenzake kwa majina, kisha akaniletea habari: wangapi wapo, nani hayupo, na kwa nini. Na aletapo habari, namsadiki kwanza, nachunguza baadaye. Kundi lile lilipokutana Ijumaa iliyofuata nilimwomba radhi mbele ya wote. Baadhi ya walimu wenzangu waliona nimejishusha. Labda. Lakini nadhani ndiyo siku watoto wale walipoamini kwamba cheo cha kiongozi wa kikosi si mapambo.

Mambo ya usalama

Katika haya sina ushauri wa hiari. Mtu mzima mmoja hapigi kambi na watoto. Wawe wawili au zaidi, na kama kuna wasichana, mmoja wao awe mwalimu wa kike. Mtu mzima halali hema moja na watoto, wala haendi faraghani na mtoto mmoja. Akitaka kusema naye, waseme mahali wanapoonekana na wengine. Kanuni hii humlinda mtoto, na humlinda pia mwalimu mwema. Ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi. Mwenyekiti wa kijiji apewe habari kabla. Maji ya mto yaangaliwe na mtu mzima kabla mtoto hajatia mguu. Na fimbo ibaki shuleni, kama haina budi kuwako popote.

Juu ya sare niseme neno moja. Mwanzilishi alipenda sare kwa sababu humficha tajiri na maskini ndani ya nguo moja. Katika vijiji vyetu huweza kufanya kinyume chake, kwani asiyeweza kuinunua hujitokeza peke yake mstarini. Skafu yatosha kwa kuanzia. Ni kitambaa cha pembe tatu, aweza kukishona fundi yeyote, na mkono ukivunjika hufungwa nacho.

Mfano wa kipindi

Tuchukue fundo lile la kufungia bendeji, ambalo karibu kila kundi huanza nalo. Mwalimu wa kawaida atasimama mbele ya watoto thelathini akiwa na kamba moja, ataonyesha mara tatu, kisha atauliza kama wameelewa. Wote watajibu “Ndiyo,” na hakuna hata mmoja atakayeweza kulifunga.

Fanya hivi. Jumatano, baada ya masomo, waite viongozi wa vikosi peke yao kwa robo saa. Kila mmoja awe na kipande cha kamba ya katani kiasi cha urefu wa mkono. Waambie wapitishe ncha ya kulia juu ya ile ya kushoto na kuizungusha, kisha ile iliyo kushoto sasa juu ya iliyo kulia. Wakazane. Fundo likiwa sahihi, litalala bapa, na kila ncha italala sambamba na kamba yake. Aliyepitisha kulia mara zote mbili atapata fundo lenye ncha zilizotokeza upande, nalo huteleza likivutwa. Usimwambie kuwa amekosea. Mpe alivute, lifumuke mikononi mwake. Waeleze pia matumizi: fundo hili lafaa kwa bendeji na mizigo midogo kwa sababu halimwumizi mtu, lakini halifai kuunga kamba mbili zitakazobeba uzito wa mtu, maana huweza kufunguka.

Ijumaa, viongozi hao ndio watakaofundisha, kila mmoja katika kikosi chake, chini ya mti wake. Wewe zunguka, mikono nyuma. Utamwona kiongozi mmoja akifundisha vibaya, na ulimi utakuwasha. Ngoja. Mara nyingi mtoto wa kikosini atauliza swali litakalomfanya kiongozi agundue kosa lake mwenyewe. Asipogundua, mwite pembeni umwelekeze, kisha arudi kufundisha yeye, si wewe. Dakika kumi za mwisho kila kikosi kimfunge mkono mwenzao mmoja kwa skafu, na vikosi vingine vikague fundo. Siku hiyo hakuna haja ya mtihani mwingine.

Wanaokumbuka maandishi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea wataona kwamba hili si jambo geni kwetu. Ugeni upo katika kunyamaza kwa mwalimu. Mimi ilinichukua miaka miwili kujifunza kusimama mikono nyuma, na hata sasa nikiwa mkufunzi hunishinda baadhi ya siku.

Kazi kwa mwanachuo

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, tafuta kama shule uliyopangiwa ina kundi la skauti. Likiwapo, hudhuria vipindi viwili bila kufundisha lolote, uandike mara ngapi mtu mzima alisema jambo ambalo kiongozi wa kikosi angeweza kulisema. Lisipokuwapo, usianzishe kundi. Majuma yako ni machache, nawe utawaacha watoto njiani. Badala yake chagua watoto sita wa darasa la tano, uwafundishe Jumatano jambo moja dogo la somo lolote, na siku ya pili wawafundishe wenzao darasani kwa vikundi. Uje nayo chuoni habari ya mtoto aliyefundisha vibaya kuliko wote, na ueleze ulifanya nini ulipomwona.