Somo la Mkopo wa Shamba na Nyumba ya Mkulima

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu, mkulima hula kila siku, na shamba humpa kwa msimu. Baina ya msimu na msimu ndipo haja ya kukopa huingia: mbegu, ujira wa kupalilia, chakula cha watoto. Kukopa si aibu, na kumkopesha mwenye dhiki ni jambo la thawabu. Lakini mkopo huweza kuiinua nyumba, na huweza kuibomoa. Basi uliza: deni halijalipwa bado, mavuno ni ya nani?

Tupige mfano. Mtu amekopa shilingi 100,000, akaweka rehani minazi 20, kwa sharti mdai aangue nazi mpaka alipwe. Mwaka ukapita, mdai anaangua na kuuza, na deni ni shilingi 100,000 zile zile. Mdaiwa atalipa kwa nini, hali kile ambacho angelilipia ndicho kinacholiwa? Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, matunda ya rehani ni ya mwenye mali. Na mkopo uliowekewa sharti la kumnufaisha mkopeshaji ni riba, ijapokuwa umepewa jina jingine.

Mambo haya yamepita kwetu. Unguja na Pemba, wenye mikarafuu walikopa kwa bei ya khiyari: shamba huuzwa kwa ahadi ya kukombolewa, na muuzaji hubaki humo akilipa kodi, na kodi hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya deni. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Yakija mavuno haba, kodi haingoji. Hata mwaka 1934 Serikali ikatoa sheria kuwa mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe kwa wengine bila ya idhini. Wengi walikuwa wamekwisha zama katika deni.

Njia za halali zipo. Ya kwanza ni karadha njema, hurudishwa kadiri iliyotolewa. Ya pili ni salam: Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakilipia tende kabla ya kuvunwa, akawaamrisha kipimo kijulikane na muda ujulikane. Thamani yote hutolewa pale pale penye mkataba. Wala mazao yasifungwe kwa miti fulani michache, kwani ikikosa kuzaa mtu atatoa nini?

Basi ewe mkopeshaji, weka muda baada ya mavuno, uandike deni na kushuhudisha. Mdaiwa akiwa na dhiki mpe muhula, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 280. Na kumsamehe ni bora zaidi. Nawe mkopaji, fedha ya mbegu usiitie katika karamu ya harusi, kwani deni halifi kwa kufa mwenyewe: hulipwa katika mali aliyoacha, kabla watoto hawajarithi.

Wabillahi tawfiq.