MTOTO ANAANZA KULA KWA MKONO WAKE



Konje kubwa iko karibu. Wengi kati yetu, wavulana na wasichana, tukifika nyumbani tutapewa kazi moja bila kuulizwa: kubaki na mtoto mdogo wakati mama yuko shambani ao sokoni. Mwingine atasema: «Kulisha mtoto ni kazi ya wamama.» Lakini mtoto akilia njaa saa sita mchana, na mama hayuko, ni wewe uko. Kwa hiyo somo letu ni hili: namna ya kumwanzisha mtoto kula vipande anavyoshika yeye mwenyewe.

1. SABABU YA SOMO HILI

Sisi wa Kivu tunajua bwaki. Miguu na uso wa mtoto vinavimba, nywele zinageuka nyekundu-nyekundu, na hataki tena kucheza. Ugonjwa ule ule unaitwa kwashiorkor katika vitabu. Jina hilo liliandikwa mwaka 1935 na munganga Cicely Williams, aliyetumika katika inchi inayoitwa leo Ghana. Ni neno la lugha ya Kiga, na maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kwa ziwa wakati mdogo wake anazaliwa. Tazama basi: wamama wa kule walijua zamani kwamba hatari iko pale mtoto anapoacha maziwa na kuingia katika chakula cha watu wakubwa.

Mara nyingi chakula hicho ni uji wa mihogo tu. Lakini gramu 100 za muhogo mbichi zina gramu 1 hivi ya protini, na gramu 100 za maharagi makavu zina zaidi ya gramu 20. Tumbo la mtoto linajaa, lakini mwili unabaki na njaa.

2. WAKATI GANI

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linafundisha hivi: miezi 6 ya kwanza, maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Kisha chakula kinaongezwa, na maziwa yanaendelea mpaka miaka 2 ao zaidi. Kwanza mtoto anapewa uji mzito na vyakula vya kuponda. Karibu na mwezi wa 8, watoto wengi wanaweza kushika kipande na kula.

Usihesabu miezi tu. Mtazame mtoto mwenyewe. Je, anakaa vizuri na kichwa chake kinasimama? Je, anapeleka vitu kinywani? Je, ulimi wake hausukumi tena chakula inje? Kama ni ndiyo, anaweza kuanza. Meno si lazima. Fizi zake zinaponda vitu laini.

3. VYAKULA GANI

Sheria ni moja: bonyeza kipande kati ya vidole viwili. Kikipondeka bila nguvu, ni kizuri. Kikikataa, kirudishe katika sufuria.

Mwanzoni mtoto anashika kwa kiganja chote, basi mkatie kipande kirefu kama kidole chako, ili sehemu moja itokee juu ya ngumi yake. Karibu na mwezi wa 9 ataanza kuokota kwa kidole gumba na kidole cha pili. Sasa unaweza kumpa vipande vidogo vilaini.

Hatuhitaji vitu vya kununua katika magazini. Tuko na viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, avoka, papai iliyoiva, boga, yai lililochemshwa mpaka likawa gumu na kukatwa. Maharagi yapikwe sana, kisha uyabonyeze moja moja mpaka yapasuke. Ndakala zikaushwe vizuri na kutwangwa kuwa unga. Mimina unga huo katika uji ao katika viazi vya kuponda. Kidogo cha mawese juu yake kinaongeza nguvu na vitamini A. Bugali nao unafaa, kidonge kidogo kilaini kilichochovywa katika mchuzi wa maharagi ao sombe. Lakini bugali mukavu peke yake, hapana.

4. VITU VYA KUMNYIMA

Karanga nzima, mahindi ya kuchoma, muwa, pipi, karoti mbichi, nyama ngumu na samaki wa miiba. Sisi vijana tunapenda kumpa mtoto karanga ili anyamaze. Tuache hiyo desturi. Karanga moja inatosha kuziba njia ya pumzi. Ukizitwanga na kuzichanganya katika uji, ni chakula kizuri sana. Asali pia, asipewe mbele ya kutimiza mwaka 1.

Mtoto ale akiwa ameketi, si mgongoni, si akitambaa, na mtu mkubwa awe mbele yake mpaka amalize.

5. AKIKABWA

Akikohoa kwa sauti na uso ukiwa mwekundu, mwache akohoe, anajisaidia mwenyewe. Lakini kama hatoi sauti, hawezi kulia, na midomo inabadilika rangi, usingoje. Ita watu kwa sauti kubwa. Kama hajatimiza mwaka 1, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha mkono. Kama kitu hakitoki, mgeuze, umsukume mara 5 katikati ya kifua. Rudia hivyo, na mtu mwingine akimbie kutafuta msaada. Usimsukume tumboni. Usiingize kidole kinywani kutafuta usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi.

6. SAHANI YAKE

Osha mikono yako na yake kwa sabuni. Kisha umpe sahani yake peke yake. Katika sahani moja na wakubwa, yeye anayekula polepole anabaki na kidogo, na hakuna anayejua alikula kiasi gani. Kutoka miezi 6 mpaka 8, apewe chakula mara 2 ao 3 kwa siku. Kisha mara 3 ao 4, pamoja na maziwa. Atamwaga, atajipaka usoni. Usimpige. Anajifunza, sawa vile sisi tulijifunza kuandika kwa kuharibu madaftari.

Katika Marko 5, Bwana Yesu alipokwisha kumfufua binti wa Yairo, aliagiza pia apewe chakula. Basi tusidharau kazi hii.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA INTERNAT

1. Kwenu mtoto anayeacha ziwa anapewa nini? Kuna nini ndani ya chakula hicho?
2. Ni chakula gani kwenu kinauzwa chote sokoni, na mtoto wa nyumbani hakionji? Tungeweza kubakiza kiasi gani?
3. Nani kati yetu anaweza kuonyesha wengine, kwa mwanasesere wa nguo, namna ya kumsaidia mtoto aliyekabwa?

Mkubwa wa wanafunzi, kilasi cha mwisho