VIFARANGA WANAOMFIA MTEJA: Mambo 5 ya kukagua kabla hujaweka tangazo

Somo hili ni la wale tunaouza vifaranga chotara (Sasso, Kuroiler) WhatsApp, Instagram na Facebook. Mimi nawalelea Mbagala na kuwauza wakiwa na wiki 4. Mteja hanunui picha nzuri, ananunua kuku atakayekuwa hai mwezi ujao. Wakimfia, habari inazunguka kwenye magrupu kabla hujapokea simu yake.

Hesabu kwanza. Tuseme umenunua vifaranga 100 kwa sh 2,000 kila mmoja, ni 200,000. Chakula, chanjo na mkaa hadi wiki ya 4 ni 150,000. Jumla 350,000, na unauza kwa 5,000. Wakibaki 95 unapata 475,000, faida 125,000. Wakibaki 70 unapata 350,000, yaani umefanya kazi mwezi mzima bure. Faida yote imo kwenye vifo.

1. JOTO
Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Waangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, na wa chini watakufa kwa kukandamizwa. Wakikimbilia pembeni huku wanahema, joto limezidi. Wakitawanyika vizuri na kula, acha hivyo hivyo. Umeme huku kwetu unakatika, kwa hiyo jiko la mkaa liwe tayari. Lakini acha hewa ipite: moshi na gesi ya mkaa vinaua vifaranga, na wewe pia.

2. SAKAFU KAVU
Gazeti tupu linateleza, miguu inatanuka na kifaranga anakuwa kilema. Weka maranda au pumba za mpunga. Palipolowa karibu na chombo cha maji, toa siku hiyo hiyo. Unyevu ndio unaolea kokisidia, ule ugonjwa wa kuhara damu unaopiga sana kuanzia wiki ya 3. Masika ndiyo balaa zaidi. Dawa ipo, amprolium, ila ukichelewa inakukuta umeshazika nusu ya banda.

3. CHANJO
Ratiba ya kawaida: siku ya 7 kideri (mdondo), siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 Gumboro tena. Ndui ni wiki ya 6 hadi 8, hiyo mwambie mteja aimalizie mwenyewe.

Hapa kuna jambo wengi wanalipuuza. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua chanjo ya kunywesha. Tumia maji safi yasiyo na dawa, au changanya kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita. Wanyime maji saa moja hadi mbili kabla, na chanjo iishe ndani ya saa mbili. Ukiinunua, ibebe kwenye barafu.

Kwa mteja wa mbali asiye na friji, mwelekeze kwenye TEMEVAC ya kideri, inayotengenezwa na TVLA. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3.

4. USIBAHATISHE DAWA
Kideri na Gumboro ni virusi, antibayotiki haviponyi. Kinyesi cheupe kinachoganda nyuma kwa vifaranga wa siku chache kinaweza kuwa pullorum, ambayo hutoka kwa mama kupitia yai. Hapo kagua unakonunulia vifaranga. Vifo vikianza kuongezeka, peleka wagonjwa au mizoga mibichi maabara ya TVLA Temeke, au muite afisa mifugo wa kata. Ni nafuu kuliko kununua dawa tatu za kukisia.

5. SIKU YA KUUZA
Safirisha alfajiri, kwenye boksi lenye matundu, wasibanane. Bodaboda asiwafunge turubai. Mtumie mteja rekodi ya chanjo yenye tarehe, na mwambie awape maji kwanza ndipo chakula, na asiwachanganye na kuku wake wa zamani kwa wiki mbili.

Na la mwisho: kundi likianza kuumwa, ondoa tangazo. Najua kodi ya chumba inasubiri na wateja wako inboksi wanauliza bei. Lakini ukiwauza leo unapeleka ugonjwa kwenye banda la mwenzako, na hao wateja hawarudi. Waambie ukweli, waahidi kundi lijalo. Mimi wateja wanaonirudia zaidi ni wale niliowahi kuwaambia "subiri kwanza".

Haya, kundi lako la mwisho ulipoteza wangapi kati ya 100, na wakiwa na wiki ngapi? Andika hapo chini tujue tatizo linaanzia wapi.