Kondoo wa Alaska: punguza mzigo kabla ya kupanda

Msimu wa kuwinda kondoo weupe wa Dall huko Alaska kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Agosti na kufungwa 20 Septemba. Madume makubwa hukaa juu kwenye majabali ya Brooks, Chugach na Wrangell, mara nyingi mbali na barabara. Huko hakuna wapagazi kama wa Kilimanjaro: unachokichukua unakibeba mwenyewe. Tena sheria inakutaka ushuke na nyama yote inayolika, hata ya mbavu na shingo. Kwa hiyo shanta lako lipange ukiiwazia siku ya kushuka.

1. Tafuta mizani kwanza. Ya jikoni inatosha. Pima kila kitu, kuanzia soksi hadi kijiko, uandike daftarini. Ukirudi, wekea alama kila ambacho hukukigusa. Vyenye alama vibaki nyumbani msimu ujao, isipokuwa vifaa vya dharura.

2. Anza na vikubwa. Kilo zimejificha kwenye hema, mfuko wa kulalia, godoro na shanta. Hema linalosimamishwa kwa fimbo zako za kutembelea linakuondolea nguzo. Mfuko wa manyoya ya bata ni mwepesi kuliko wa nyuzi za kiwandani wenye joto lilelile, ila ukilowa haukufai kitu, na mvua za Agosti huko hazina huruma. Ufunge ndani ya mfuko usiopitisha maji. Shanta lenyewe usilitafutie wepesi kupita kiasi. Nyama ya dume mmoja, ikishatolewa mifupa, inaweza kufika kilo 30, na bado kuna kichwa, pembe na kambi yako nzima. Fremu ikipinda hapo, umekwama.

3. Darubini usiiache. Kwa kawaida dume halali ni yule ambaye pembe yake imekamilisha mzunguko mzima, au pembe zote mbili zimevunjika ncha, au ana umri wa miaka 8 na zaidi kwa kuhesabu pete za pembe. Ukiwa ng'ambo ya bonde, macho matupu hayakuambii lolote kati ya hayo. Darubini kubwa ya miguu mitatu ina uzito wake, lakini inakuepusha kupanda kwa saa tano kumfuata dume ambaye bado ni kijana. Miaka ya karibuni kondoo wamepungua katika safu nyingi za Alaska kutokana na majira mabaya ya baridi, kwa hiyo kosa la mwindaji mmoja lina uzito kuliko zamani. Ukisita, usipige. Mkiwa wawili, darubini moja kubwa inawatosha, na jiko vilevile.

4. Chakula kihesabu kwa kalori. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga au protini, 4. Korosho, siagi ya karanga na kichupa cha mafuta ya zeituni vinakupa nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Chakula cha kila siku kiwe na mfuko wake. Mikebe iache dukani.

5. Nguo: za kutembelea, za kulalia, basi. Sufu ndiyo yenyewe. Pamba ikilowa inakunyang'anya joto. Koti la mvua nunua zuri.

6. Lita moja ya maji ni kilo moja. Beba kichujio, na unywe ushibe kijitoni kabla ya kupanda ukingo mkavu.

7. Vya kuokoa maisha havipunguzwi: kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti, dawa ya kupulizia dubu, vifaa vya huduma ya kwanza.

8. Fanya mazoezi kwa madumu ya maji. Jaza shanta, panda kilima, uyamwage kileleni ushuke mwepesi, magoti yatakushukuru. Msimu ukikaribia, anza kushuka nayo.

9. Kama si raia wa Marekani wala huishi Alaska, lazima uwinde na mwongozaji mwenye leseni. Muulize mapema yeye anabeba nini, msijikute na majiko mawili.

10. Mtungi wa gesi na dawa ya dubu haviruhusiwi kwenye ndege za abiria. Vinunue ukifika Anchorage au Fairbanks. Rubani wa kindege cha porini atataka kujua uzito wa kila kitu, na wako pia, kwa hiyo muulize kikomo chake kabla hujafunga mizigo. Tumia mifuko laini inayobanika. Masanduku magumu hayana nafasi. Na siku ya kutua usipange kuwinda: ukishasafiri kwa kindege hicho, sheria hairuhusu kupiga mnyama hadi saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake. Jioni hiyo ni ya kupima shanta mara ya mwisho na kulala mapema.