Kumbakisha Mtumishi ni Kazi ya Wote

Serikali humwajiri mtumishi. Jamii humsaidia kubaki. Muuguzi kijana anayepangiwa kituo Mahurunga au Kitaya, kandokando ya Mto Ruvuma, asipopata nyumba, maji na mtandao wa simu, huomba uhamisho, na zahanati hupungukiwa.

Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ililizingatia hilo: pamoja na kupeleka watumishi wa afya maeneo ya pembezoni, ilijenga nyumba za kuwahifadhi.

Lipo pia suala la rika. Watumishi wengi wa umma hustaafu kwa lazima wakiwa na umri wa miaka 60. Mkongwe akiondoka bila kumrithisha kijana ujuzi, huondoka na mengi: kaya zipi zina wagonjwa wa kufuatiliwa, njia ipi hufungwa na maji wakati wa mvua. Kijana naye huleta ujuzi mpya, ukiwemo wa mifumo ya kompyuta. Miezi 12 ya majaribio ya mtumishi mpya ni fursa ya wawili hao kufundishana.

Wananchi wanahimizwa kuijadili nyumba ya mtumishi katika mkutano mkuu wa kijiji, na kumpokea mgeni kwa heshima. Mgeni aliyepokelewa vyema hugeuka mwenyeji.