Mtoto ni Nani?

Mimi nina umri wa miaka 17, ndevu zimeanza kuota, na bweni zima huniita "Mzee" kwa kuwa ndimi kiranja wao. Hata hivyo, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mimi ni mtoto bado. Maana yasema kuwa kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Wenzangu walicheka sana nilipowasomea maneno hayo. Lakini sikuandika ili kuchekesha. Nataka kueleza habari ya binti wa shangazi yangu.

Yeye alimaliza darasa la saba, asichaguliwe kuendelea na masomo. Alipotimiza miaka 15 posa ikaletwa, na baba yake akaridhia. Shangazi hakuipenda posa ile, akaenda kwa mkubwa mmoja wa kijiji kuuliza. Swali aliloulizwa lilikuwa moja tu: je, binti ni mwanafunzi? Akajibu kuwa amekwisha maliza. Basi, akaambiwa, hapana kosa.

Nimechunguza jibu lile lilitoka wapi. Sheria ya Elimu, ilipobadilishwa mwaka 2016, iliweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayeoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Habari hiyo imefika hata vijijini, na imewatia wengi hofu. Lakini yamlinda mwanafunzi. Aliyekwisha vua sare yu nje yake. Huko nje ikamkuta Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa idhini ya mahakama, hali mvulana alingojewa mpaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kuwa jambo hilo ni kinyume cha Katiba, ikatoa muda wa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Serikali ikakata rufani. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo, na muda uliotolewa ukapita bila marekebisho.

Mtu akifika hapo hukata tamaa, nami nilikata. Lakini Sheria ya Mtoto haiulizi habari ya sare. (Hii ni ya Bara; Zanzibar wana yao ya mwaka 2011.) Yamtaka mtu yeyote mwenye habari kuwa haki za mtoto zavunjwa apeleke taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Huko wakimrudisha, asikae kimya: yuko afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye kazi yake ni kuchunguza, na aweza kulifikisha shauri katika Mahakama ya Watoto. Tena polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na simu namba 116 hupigwa bure.

Shangazi aliishia mlango wa kwanza. Hakujua kuwa iko mingine, wala mimi sikujua, ingawa nilikuwa Kidato cha Pili na somo la Uraia nilikuwa nikipata alama nzuri.

Binti yule sasa amejifungua. Mdogo wake yuko darasa la saba mwaka huu. Jumapili iliyopita nimemwandikia shangazi barua, na ile 116 nimeiandika kwa wino mwekundu.